Haki ya Kuserereka

Kwenye magari mengi ya kisasa kuna kitufe kidogo chenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake, kama alama za matairi yaliyoteleza. Kando ya picha hiyo mara nyingi huwa na neno moja: OFF. Nimekaa na kitufe hicho kichwani kwa miezi kadhaa sasa, na nimegundua kwamba kinauliza swali ambalo vitabu ninavyosoma kwenye shahada yangu ya umahiri vinalizunguka bila kulitaja. Mtu ana haki gani ya kuzima kitu kilichowekwa ili gari lisimponyoke? Na akikizima, anachokiweka rehani ni cha nani?

Utasema Kigoma si mahali pa kuuliza swali la namna hii. Watu wanatujua kwa dagaa, mawese, meli ya Liemba na mwisho wa reli. Lakini magari yaliyotumika ya Japani hayachagui mkoa. Yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kuja magharibi, na siku moja katikati ya Probox na Noah inapita Subaru inayonguruma hadi vijana wa bodaboda wanageuza shingo.

Mojawapo ya magari hayo ni la binamu yangu. Ni Impreza WRX STI ya kizazi kile kilichotoka mwaka 2007, ya soko la Japani, yenye nguvu farasi 308. Hiyo ni karibu mara tatu ya Probox ya kawaida. Gari hilo lina ngazi tatu za msaada. Ukiliwasha tu, mfumo wote unafanya kazi. Ukibonyeza kitufe kwa muda mfupi unapata hali ya katikati: kompyuta haipunguzi tena nguvu ya injini tairi linapozunguka bure, ila inaendelea kushika breki panapohitajika. Ukikishikilia kwa muda, umezima. Wenye magari ya bei kubwa zaidi wana uchaguzi mpana zaidi. Ferrari walipotoa F430 mwaka 2004 waliweka kwenye usukani swichi nyekundu waliyoiita manettino, ya kumwezesha dereva kuchagua leo anataka kusaidiwa kiasi gani, kuanzia barabara yenye utelezi hadi kutosaidiwa kabisa.

Tuelewane kwanza kinachozimwa ni nini, maana wengi tunadhani ni kitu cha kupunguza mwendo. Sivyo. Kuna kazi mbili hapo. Ya kwanza ni kulinda mshiko: ukikanyaga mafuta kwa nguvu na tairi likaanza kuzunguka bila kusogeza gari, kompyuta inapunguza nguvu ya injini au inalishika breki tairi hilo. Ya pili ni kulinda uthabiti. Sensa moja inasoma umekata usukani kiasi gani. Nyingine inasoma gari lenyewe linajizungusha kiasi gani. Nyingine zinasoma kasi ya kila tairi. Kompyuta inalinganisha unakotaka kwenda na unakoelekea kweli. Vikitofautiana, inashika breki ya tairi moja. Gari likianza kurusha mkia, inashika la mbele lililo upande wa nje wa kona. Likigoma kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja, inashika la nyuma lililo upande wa ndani. Haya hayafanywi na dereva yeyote duniani, hata awe bingwa, kwa sababu binadamu amepewa kanyagio moja la breki kwa matairi manne.

Teknolojia hii si ngeni. Mwaka 1995 Toyota waliiweka kwenye Crown Majesta, na mwaka huohuo Mercedes wakaiweka kwenye gari lao la kifahari la S-Class, wakitumia mfumo uliotengenezwa na Bosch. Ingeweza kubaki anasa ya matajiri. Lakini mwaka 1997 gari dogo la Mercedes, A-Class, lilipinduka likifanyiwa majaribio na jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, kwenye zoezi la kumkwepa mnyama aliyejitokeza ghafla barabarani. Baada ya aibu hiyo kampuni ikaweka mfumo huo kwenye A-Class zote. Baadaye sheria zikafuata. Marekani iliulazimisha kwa magari mapya madogo kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014.

Lakini sheria hizo hazikukataza kitufe cha kuzima. Ile ya Marekani inaruhusu dereva azime, kwa sharti kwamba kila injini inapowashwa upya mfumo urudi kuwa umewashwa. Uamuzi wako wa jana usiku haubaki hadi asubuhi. Ukitaka kuzima tena, itabidi uamue tena. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu naona ndani yake kuna maadili mengi kuliko waandishi wa sheria walivyojua.

Binamu yangu huzima. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa sentensi ambayo sijaweza kuipuuza: "Msomi, hiki kitu kikiwa kimewashwa anayeendesha ni Mjapani. Nikikizima ndiyo naendesha mimi."

Ni rahisi kumcheka, na nadhani ni makosa kumcheka. Hoja yake ina watetezi wakubwa. Kwenye Formula 1, mchezo ambao hutumia fedha nyingi kuliko bajeti za miji yetu, msaada wa kulinda mshiko ulipigwa marufuku mwaka 1994, ukaruhusiwa tena mwaka 2001, na ukapigwa marufuku mara nyingine kuanzia msimu wa 2008. Sababu ilikuwa ileile ya binamu yangu: kama kompyuta ndiyo inayopima mafuta kwenye kona, kikombe apewe nani? Aristotle naye angemwelewa. Alifundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri, na huwa na kiasi kwa kutenda ya kiasi. Tabia hujengwa kwa kurudia. Sasa kama kila kosa la mkono wako linasahihishwa kabla hujalihisi, mkono huo utajifunza lini? Mtu asiyeteleza kwa sababu amezuiwa kuteleza hatuwezi kusema ana mguu mzuri.

Tena kuna wakati kuzima ndiyo busara yenyewe. Mvua zikianza, njia zetu za udongo mwekundu nje ya lami zinageuka sabuni. Gari likinasa kwenye tope, mfumo huu unaweza kukukwamisha zaidi. Wewe unataka matairi yazunguke, yatafune tope hadi yakutane na udongo mgumu. Kompyuta inaona matairi yanazunguka bure, inakata nguvu. Vitabu vingi vya maelekezo vya magari husema wazi: ukikwama kwenye tope, zima ulinzi wa mshiko, jikwamue, kisha uwashe. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mtu mwema ni yule asiyegusa kitufe. Angekuwa mtu mwema aliyelala na gari lake kwenye tope.

Kwa hiyo nilianza kwa kumjibu binamu yangu kwenye uwanja wake mwenyewe, uwanja wa kujijua. Mfumo ukiwa unafanya kazi, taa ndogo ya njano humulika kwenye dashibodi kila unapoingilia kati. Ni taa yenye picha ileile ya gari linaloserereka. Wengi wetu ikimulika hatusemi tumeokolewa. Tunasema gari limetulia vizuri kwenye kona, na tunajisifu. Nikamwambia: unataka kujua wewe ni dereva wa namna gani? Usizime. Ihesabu hiyo taa. Mtu anayeshuka kutoka Mwanga hadi stesheni kwa mwezi mzima, kwenye mvua na kwenye kiangazi, bila taa kumulika hata mara moja, huyo anajua kitu kuhusu mkono wake. Na mtu ambaye taa inammulikia kila siku anajua pia, kama ni mkweli. Aliyeizima ndiye pekee aliyemfukuza shahidi.

Akafikiri kidogo. Kisha akasema kuhesabu taa ni kujua mara ngapi umekosea, lakini hakukwambii kama ungeweza kujitoa mwenyewe baada ya kukosea. "Hivyo ni vitu viwili, dada."

Ni kweli ni vitu viwili. Hapo ndipo niliacha kubishana naye juu ya ujuzi, kwa sababu niliona kwamba hata akishinda hoja hiyo yote, bado kuna watu ambao hajawahesabu.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya jambo waliloliita bahati katika maadili. Nagel ana mfano wa dereva wa lori ambaye kwa uzembe hakukagua breki zake kwa muda. Mtoto akikatiza barabarani na breki zisishike, dereva huyo atabeba kifo hicho maisha yake yote. Mtoto asipokatiza, dereva yuleyule, mwenye uzembe uleule, atafika nyumbani, atakula na kulala. Tofauti kati ya wanaume hao wawili ni mtoto tu, na mtoto hakuwa mikononi mwa yeyote kati yao.

Mfano huo ulinisumbua nilipousoma darasani, lakini ulinisumbua zaidi niliporudi nyumbani likizo. Ichukue barabara ya Kigoma kwenda Ujiji saa kumi na mbili jioni. Kuna wanafunzi wanaotembea wawili wawili kando ya lami. Kuna mama mwenye beseni kichwani ambaye hawezi kugeuza shingo haraka. Kuna baiskeli iliyobeba madumu ya mawese na bodaboda yenye abiria wawili. Mvua ikinyesha, pikipiki zinazotoka njia za udongo zinaacha vipande vya tope juu ya lami, hasa kwenye maungio. Huwezi kujua kona ipi ina tope hadi ufike. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kwa barabara kama hiyo hata 50 ni nyingi nyakati fulani. Dereva aliyezima mfumo hapo na akafika salama amepewa zawadi na watu ambao hawakuwepo mahali fulani kwa sekunde fulani. Atadhani amefaulu mtihani.

Hapa ndipo mfano wa Formula 1 unapomgeukia binamu yangu. Pale kila aliye barabarani amekubali kuwepo. Kuna kuta, kuna changarawe za kupunguza mwendo wa gari lililotoka njia, na watembea kwa miguu hawapo kabisa. Afrika Mashariki tunao mfano wetu ulio mgumu zaidi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi yalikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi kwa watu wengine. Katika miaka yake ya mwisho ya mtindo huo, timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu mifugo, wanyama na magari yaliyo njiani. Mwaka 2002 ulikuwa wa mwisho kwa Safari kwenye ubingwa wa dunia hadi yaliporejea mwaka 2021, yakiwa na hatua fupi zaidi zilizofungwa kwa magari mengine, kandokando ya Naivasha. Nachukua funzo moja hapo. Hata mabingwa wa dunia, walipokuwa wakipima uwezo wao kati ya watu ambao hawakuomba kupimiwa, waliona wanahitaji jicho jingine angani.

Na bado sijamtaja abiria. Kizazi changu kilimlilia Paul Walker, yule wa filamu za Fast and Furious, aliyefariki tarehe 30 Novemba 2013 huko California. Wengi wanamkumbuka kama dereva. Siku ile hakuwa akiendesha. Alikuwa amekaa kiti cha abiria cha Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake, ambaye naye alifariki. Gari lile lilikuwa na ulinzi wa mshiko lakini halikutengenezwa na mfumo wa uthabiti kabisa. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo usio salama, na wakataja pia matairi ambayo yalikuwa na zaidi ya miaka tisa.

Hayo matairi nayataja makusudi, kwa sababu hapa kwetu ndiyo nusu ya hadithi. Mfumo wowote wa uthabiti unatumia mshiko uliopo, hauwezi kutengeneza usiokuwepo. Ukiweka vipara, au ukachanganya matairi ya ukubwa tofauti hadi sensa zisome kasi zisizolingana, unaweza kuwa umezima msaada wako bila kugusa kitufe. Mtu anayeapa kwamba hajawahi kubonyeza OFF huku anatembelea tairi zinazoonyesha nyuzi, naye ameshachagua. Tofauti yake na binamu yangu ni kwamba binamu yangu anajua alichochagua.

Babu yangu mzaa mama alivua dagaa akitokea Kibirizi. Alikuwa nahodha. Mama anasimulia kwamba upepo ukiwa na mashaka, kabla karabai hazijawashwa, babu aliwauliza waliokuwa wakienda naye, mmoja mmoja, hata kijana wa kukumba maji. Mmoja akisema hapana, hawakwenda. Wengine walimwona mwoga. Yeye alisema chombo kikizama hakizami na nahodha peke yake, kwa hiyo hata kuondoka hakuwezi kuwa kwa nahodha peke yake.

Nimejaribu kuipeleka kanuni hiyo barabarani, na nimeona mahali inapokwama. Babu aliweza kuuliza kwa sababu kila ambaye angezama alikuwa karibu, anamsikia. Abiria wako unaweza kumuuliza: nataka kuzima, unakubali? Sijawahi kumsikia dereva akiuliza hivyo, lakini inawezekana. Mama mwenye beseni huwezi kumuuliza. Mwanafunzi aliye mbele ya kona inayofuata huwezi kumuuliza. Hawamo chomboni, ila maji ni yaleyale.

Ndiyo maana nimekuja kuheshimu lile sharti dogo la kisheria, kwamba injini ikiwashwa upya mfumo unarudi wenyewe. Binamu yangu analiona kama usumbufu, Mjapani anayerudi kila asubuhi kwenye kiti chake. Mimi naliona kama jibu la watu ambao hawawezi kuulizwa. Kila asubuhi wanasema hapana, na dereva anayebonyeza anapaswa kujua kwamba anabonyeza juu ya hapana hiyo. Kwenye tope, gari likiwa limesimama na matairi yakizunguka papo hapo, hapana yao haihusiki sana. Zima, nitashuka nisukume, nitachafuka na wewe. Kwenye mteremko wa lami wenye watu, inahusika yote.

Haki ya kujijaribu naikubali. Ni kitu kizuri kwa kijana kutaka kujua mkono wake unaweza nini pasipo msaada. Lakini haki hiyo ni kama haki ya kucheza kamari: ina maana ukiwa unaweka fedha zako. Anayeserereka kati ya watu ameweka mezani fedha ambazo ni zao.

Nilipomweleza haya yote binamu yangu hakubisha. Aliuliza tu: "Sawa. Basi huo uwanja wa kujaribia uko wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nilipojifunza udereva tulifundishwa alama za barabarani, kurudi nyuma na kuondoka kwenye mlima. Hakuna aliyetupeleka mahali pa wazi, penye maji na udongo, akatuambia tuliache gari liteleze ili tujue mwili unavyoshtuka na mikono inavyopaswa kufanya. Kigoma nzima sijui uwanja wa namna hiyo. Tunawauzia vijana magari ya nguvu farasi 308, tunawakataza kujifunza barabarani, na hatuwapi mahali pengine pa kujifunzia. Kukataza ni sahihi. Lakini hata sisi tunaokataza tunadaiwa, na deni letu ni uwanja. Hadi tutakapolilipa, namwomba aihesabu ile taa.